Siku Walipopiga Picha Mikono ya Mama Wanja

Sauti ninayoikumbuka zaidi si ya mashine kushona. Hiyo masikio yanaizoea kwa wiki moja, halafu husikii tena. Ninayoikumbuka ni ya mashine kuzimwa. Mota ya cherehani ya kiwandani haikati pumzi mara moja. Ukibonyeza kitufe chekundu, inaendelea kuzunguka yenyewe, inashuka, inashuka, mpaka inanyamaza. Moja ikizimwa husikii kitu. Lakini ukumbi mzima ukizimwa pamoja saa ya chakula, ni kama ng'ombe wengi wamemaliza kunywa maji na wote wameshusha pumzi kwa wakati mmoja. Siku yangu ya kwanza nilifikiri kuna kitu kimeharibika, na kwamba ni mimi nimekiharibu.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mlio kwenye laini za kushona sasa, kwa sababu mwezi uliopita nilistaafu. Najua mtacheka. Kustaafu ni neno la walimu na polisi, watu wenye mvi na saa ya ukutani waliyopewa siku ya sherehe. Mimi saa sikupewa, na mvi bado ninazitafuta. Lakini kifua kimekataa vumbi la pamba. Daktari mjini Kajiado ameniambia nichague, kifua au cherehani. Tena jina langu ni Nasieku, ambalo kwa Kimaasai ni yule anayewahi. Basi nimewahi.

Vyeo na mishahara siandiki. Cheo sikuwahi kupata, na mshahara mnaujua.

Nilizaliwa Entarara, kule chini ya mlima, ambako baba alilima nyanya kwa maji ya mfereji. Nilimaliza darasa la nane mwishoni mwa miaka ya tisini, na shule yangu ikaishia hapo. Nikatumwa Kitengela kwa mama mdogo, ndugu yake mama, aliyekuwa na kibanda cha mitumba huko Noonkopir. Kwa hivyo kazi yangu ya kwanza katika nguo ilikuwa ya kufungua, si ya kushona. Beli likikatwa kamba, zile nzuri za kwanza zinaitwa kamera, zinatundikwa juu. Zilizobaki chini kabisa ni fagia, zinauzwa zikiwa zimemwagwa kwenye turubai. Katikati hapo nilikuwa mimi, nikikunja.

Nilikuwa mtu wa kuota sana. Kila nguo niliipa mwenyewe. Koti hili lilikuwa la mwalimu mmoja mkali, kule kwao kwenye baridi. Suruali hii ilikuwa ya kijana aliyenenepa ghafla baada ya kuoa. Mama mdogo alikuwa ananisikia nikiongea na nguo, anawaambia wateja, "Msijali, huyu ni mzima. Ni Entarara tu inamtoka pole pole."

Jirani yetu hapo sokoni alikuwa mzee Abdi, aliyekuja na familia yake kutoka Garissa. Alikuwa akiuza mbuzi, na kwenye duka lake dogo shuka na sukari. Redio yake haikuzimwa. Siku moja alimwonyesha mama mdogo lebo ya shuka nyekundu, zile za mistari ambazo wazee wetu wanafunga kwa sherehe. Imeandikwa kwamba imetengenezwa Uchina. Mama mdogo alikataa kuamini. Mzee Abdi akamwambia, "Mama, hata mimi nilikataa. Lakini naona Wamaasai wote wamevaa Uchina, na hawajui."

Tulicheka. Ningelijua kusoma dunia wakati ule, pengine nisingelicheka.

Mwaka wa 2001, baada ya ule ukame uliotumalizia ng'ombe, habari zilifika sokoni kwamba viwanda vya Athi River, vile vilivyo ndani ya ua wa zoni ya bidhaa za kuuzwa nje, vinaandika wasichana. Amerika ilikuwa imefungua mlango, nguo zinazotoka kwetu ziingie kwao bila ushuru. Asubuhi ukitoka Noonkopir ulikuwa unaona wanawake wanavuka daraja kwa miguu kama watu wanaoenda mkutano wa injili. Getini mlinzi hakuuliza cheti. Alisema tu, "Mikono." Tukainyoosha mbele ya kiuno. Aliangalia vidole, kama vinatetemeka, kama kucha zimekatwa. Mikono yangu ilikuwa ya kukunja nguo, imenyooka. Nikaingia.

Ndani kulikuwa na kelele, taa nyeupe, na vumbi la buluu la jinzi lililokaa kwenye nyusi za kila mtu. Na hapo ndipo nilifanya kosa ambalo mpaka leo watu wa Kitengela wananikumbushia barabarani. Msichana mmoja huko mbele alipiga kelele, "Supa!" Mimi, mtoto niliyelelewa vizuri, nikajibu kwa sauti, "Epa!" Mwingine nyuma akaita, "Supa!" Nikageuka nikajibu, "Epa!" Nilisema moyoni, kumbe kiwanda kizima kinanisalimia kwa Kimaasai. Watu wa hapa ni wazuri aje! Nilijibu salamu zote asubuhi ile, mpaka mwanamke aliyekaa karibu nami akazima mashine yake, akanishika mkono.

"Wewe msichana, unajibu nani?"

"Wanaonisalimia."

"Hakuna anayekusalimia hapa. Wanamwita supavaiza."

Huyo mwanamke alikuwa Mama Wanja. Akacheka mpaka akafuta machozi na kanga ya kiunoni. Baadaye, supavaiza wetu Mutua alipoitwa "Supa!", yeye mwenyewe Mama Wanja akajibu "Epa!", na laini nzima ikafuata. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya laini yetu. Mutua alikasirika wiki ya kwanza. Wiki ya pili alikuwa anaitika yeye.

Mama Wanja alikuwa mtu wa Murang'a, mwenye umri wa mama yangu au zaidi. Alikuwa ameshona tangu usichana kwenye kiwanda cha nguo huko Thika, nguo za kuvaliwa na Wakenya, kanga, sare za shule, mashuka ya hospitali. Mapema miaka ya tisini mlango wa mitumba ukafunguliwa, watu wakaacha kununua vitambaa vipya, na kiwanda kikafungwa. Alinieleza hayo bila hasira siku nilipomwambia mama mdogo anauza nini. Alisema tu kwamba mitumba yeye havai. Na kweli hakuwahi. Gauni zake zote alijishonea, hata sidiria.

Aliyonifundisha nitayaandika machache, kwa sababu bado yanafanya kazi. Kwanza, usivute kitambaa. Mashine ina meno yake, yaache yale. Wewe kazi yako ni kuelekeza. Pili, kwenye kona ya mfuko wa jinzi usisimame. Wengi wanasimama, wanainua mguu wa mashine, ule unaobana kitambaa, wanageuza, wanashusha. Yeye alikuwa anabana ile kona kwa kidole gumba cha kushoto, anapumzisha pedali kidogo tu, kitambaa kinageuka chenyewe kama mtoto aliyeitwa jina. Sindano ikivunjika, usianze nyingine kabla hujapata vipande vyote, hata kama ni nukta. Kuna mtoto atavaa hiyo suruali.

La mwisho alinifundisha jioni ile ile ya kwanza, nikiwa nimeshachukua mkoba wangu. Aliniita nirudi. Akaniambia mashine haiachwi hivyo, mguu umelala juu ya chuma kitupu, mafuta yanadondoka usiku. Akachukua kipande cha jinzi sakafuni, akakiweka chini ya mguu, akaushusha taratibu, akazungusha gurudumu mpaka sindano ikaingia ndani ya kile kitambaa.

"Hivi ndivyo inalazwa," alisema. "Wewe unalala bila blanketi?"

Akaniambia kwamba yeye alikuwepo siku mashine hizi zilipofika, zikitolewa kwa masanduku ya mbao. Zilitoka Sri Lanka, kwenye kiwanda kilichofungwa huko. Na hii yake, alipoifunua, ilikuwa na kitambaa chini ya mguu, chenye maua madogo ya njano. Kuna mtu huko aliilaza kabla haijafungwa. Alikihifadhi kile kitambaa ndani ya Biblia yake.

Fundi wa mashine zetu pia alitoka huko na hizo mashine. Jina lake Sunil, mtu mwembamba mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Kiswahili chake alikitoa kwa wanawake wa laini, kwa hivyo alikuwa anaongea kama mama wa sokoni. Alimwambia Mutua siku moja mbele ya wageni, "Wacha maneno mingi, wewe." Hakuongea habari za kwao. Nilimuuliza mara moja kama anataka kurudi, akasema, "Kurudi kufanya nini? Mashine iko hapa."

Niliota sana miaka ile, sitadanganya. Nilishona mifuko ya nyuma, na kila suruali bado nilikuwa naipa mwenyewe, ila sasa kwa mwelekeo ule mwingine. Hii itavaliwa na msichana anayeenda kuomba kazi. Hii na mzee atakayeikalia mpaka mfuko upauke. Mama Wanja alinisikia, akaniambia nimpe na yeye mtu. Nikampa mwigizaji wa filamu. Akasema hapana, huyo atavaa siku moja na kutupa. Anataka mkulima.

Mwisho wa 2004 mambo yakaanza kubadilika. Mabando ya vipande vya kushona yalikuja machache. Siku nyingine tulikaa tumefunga mikono, Mutua akipita pita kama mtu anayetafuta funguo. Ni mzee Abdi aliyenieleza. Nilipita dukani kwake kununua sukari, akapunguza redio, jambo ambalo hakuwa analifanya. Aliniambia kwamba miaka yote hiyo mataifa makubwa yalikuwa yamewawekea Wachina na wengine wa Asia kipimo, kwamba nguo zenu ziingie kiasi hiki, zisipite. Sasa mwaka mpya ukiingia, kipimo kinaondolewa.

"Kwa hivyo?" nikamuuliza.

"Kwa hivyo mlango wenu ulikuwa mkubwa kwa sababu wa wenzenu ulikuwa mdogo."

Nilirudi nyumbani na ile sukari nikiwa nimeudhika. Nilikuwa nafikiri walitufungulia kwa sababu tunashona vizuri.

Mwaka mpya ukaingia, na laini mbili za mwisho zikafungwa. Wanawake wake wakaambiwa wasubiri simu. Kisha Mutua akatukusanya. Kuna wageni wanakuja kutoka kwa wanunuzi, na mtindo mpya wa suruali, mgumu, mifuko ya nyuma ina kona nyingi. Tutashona sampo, suruali ya mfano. Ikipita, oda ni kubwa, laini yetu itabaki. Hakusema isipopita itakuwaje.

Mama Wanja alingoja mpaka tulipokuwa tunatembea kurudi, upepo wa nyikani ukitupiga vumbi la simiti usoni. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Mimi ndiye nilikuwa namtungia uzi asubuhi, kabla Mutua hajapita, na kwenye ile kazi ya kutafuta vipande vya sindano alikuwa ananiita mimi. Alisimama darajani akashika chuma.

"Nasieku, wewe ukitoka hapa utaenda geti lingine, watasema mikono, utaonyesha. Mimi nikitoka hapa, hakuna mlinzi atataka kuona mikono yangu. Hii sampo lazima ipite."

Wageni walikuja wawili, bwana na bibi, wenye adabu sana. Yule bibi alikuwa na kamera ndogo ya video. Sunil alituambia kwamba sampo itashonwa na Mama Wanja, mimi nimsaidie, na kwamba watampiga picha akishona, hatua kwa hatua, pole pole, ili itumike kufundisha wafanyakazi wapya.

Wafanyakazi wapya! Mnaelewa tulivyofurahi. Kiwanda kinachofundisha wafanyakazi wapya si kiwanda kinachofungwa. Habari ilitembea ukumbini kabla kamera haijawashwa. Saa ya chakula nilienda mpaka kwenye ua, nikawaambia wasichana waliokuwa wanangoja kazi nje kila siku kwamba wakate kucha, kuna nafasi zinakuja. Walizikata pale pale, wakipokezana wembe mmoja.

Mama Wanja alikuwa amekuja na kilemba chake cha kanisani, cha rangi ya zambarau. Alipoona kamera imeinama kwenye meza, akamuuliza Sunil, "Na uso je?"

Sunil aliuliza kwa Kiingereza, akajibiwa. "Wanataka mikono tu, mama."

"Basi ningevaa pete," alisema, na tukacheka wote, hata yule bibi ambaye hakuelewa.

Alipaka mikono mafuta ya kukamulia ng'ombe, akaipangusa kabisa isichafue kitambaa, akaanza. Nimeshona miaka mingi na sijaona kazi kama ile. Sunil alimwambia aende pole pole, akaenda pole pole. Alifika kwenye kona, akabana na kidole gumba, kitambaa kikageuka. Yule bibi akaomba arudie hapo. Akarudia. Akaomba mara nyingine, kamera ikasogea karibu sana, mpaka karibu iguse kucha. Mama Wanja alimweleza Sunil yote, wapi unabana, wapi unaachilia, jinsi ya kusikia kwa kidole kwamba tabaka la chini limejikunja kabla jicho halijaona. Kila kitu alichojifunza tangu Thika, alikisema. Nani anayemfichia mwanafunzi?

Sampo ikapita. Mutua alikuja kutuambia, na laini nzima ikapiga "Epa!" bila mtu kuita.

Tulingoja oda. Tulisafisha mashine, tukapaka mafuta, tukafagia chini ya meza. Kisha asubuhi moja lori likaingia na kushusha mbao. Tulifikiri ni za rafu. Mafundi wawili wakaanza kuzigongomea kuwa masanduku, na Mama Wanja, ambaye alishawahi kuyaona masanduku kama hayo yakifunguliwa, akainuka, akamwendea Sunil aliyekuwa amepiga magoti chini ya mashine anakata waya.

"Sampo ilikataliwa?" alimuuliza.

"Hapana, mama. Hakuna hata mshono mmoja walikataa."

"Basi oda iko wapi?"

Sunil hakutoka chini ya meza. "Imeenda na sampo. Na ile video. Kuna kiwanda kikubwa, mbali, kipya kabisa. Wafanyakazi wapya ni wa huko."

"Ulijua?"

"Nilijua jana. Kwetu pia walichukua ufundi kabla ya kufunga, mama. Lakini kwetu ilikuwa karatasi, mtu alichora. Sikufikiri video ni kitu ile ile."

Mama Wanja akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anauliza bei, "Na wewe wanakuchukua?"

"Mashine wanachukua," alisema Sunil.

Nitawaambia kwanza yaliyofuata, ili nipate kumalizia pale ninapotaka. Kiwanda kilifungwa. Nasikia Sunil alibaki Nairobi akitengeneza cherehani za mafundi wa sare. Mimi nilionyesha mikono kwenye mageti mengine, nikaandikwa, nikatolewa, nikaandikwa tena kwa miezi miezi, mpaka kifua kilipokataa. Mama Wanja alizunguka mageti pamoja nami mwezi mzima, akiwa amekata kucha, na ilikuwa kama alivyosema darajani. Mwishowe mama mdogo alimpa kona ya kibanda, na cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Alikuwa akipunguza suruali za mitumba ziwatoshe watu. Mara moja moja ilikuja jinzi yenye mifuko ya kona nyingi, na alikuwa anaigeuza, anaangalia kona kwa muda, halafu anaikata miguu kama mteja alivyotaka. Alikaa kwenye ile kona mpaka macho yakazima, akarudishwa kwao Murang'a, na huko ndiko amezikwa.

Siku ya mwisho kiwandani tuliambiwa tumalizie mabando yaliyobaki, halafu twende. Kabla ya saa ya chakula Mutua alipita katikati, hakupiga kelele, alionyesha tu kwa mkono. Tukabonyeza vitufe. Ile sauti ikashuka, ikashuka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeinuka ilipokwisha.

Mama Wanja ndiye alianza. Alichukua mkoba, akafunga kilemba, akatembea mpaka mlangoni. Hapo akasimama bila kugeuka, akasema, si kwa nguvu, "Supa."

Wengine walijibu, mmoja mmoja. Mimi nilichukua mkoba wangu.

Tulitoka wote, tukafika karibu na geti. Wasichana wale wa nje walikuwa bado wako hapo. Mmoja akaniuliza kama wameanza kuandika. Ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona na sikukielewa wakati nakiona. Nikamwambia mlinzi nimesahau chakula changu, nikarudi ndani peke yangu.

Ukumbi ulikuwa kimya, masanduku yamepangwa ukutani, wazi. Nilipita laini yetu mpaka mwisho. Ilikuwa kweli. Mashine ya Mama Wanja ilikuwa imeachwa hivyo hivyo, mguu umelala juu ya chuma. Miaka yote niliyomjua hakuwahi kuiacha hivyo, hata siku ya homa.

Sakafu ilikuwa imefagiliwa, hakukuwa na kipande. Nilifungua kanga yangu kiunoni, ilikuwa ya maua mekundu, nikauma pindo na kuichana kidogo. Nikakiweka kile kipande chini ya mguu, nikakinyoosha kwa vidole mpaka kikakaa sawa, nikaushusha mguu taratibu. Kisha nikazungusha gurudumu kwa mkono, mpaka sindano ikaingia.